Bustani ya Usiku wa Manane

Msomaji, bila shaka umepata kuketi karibu na redio jioni, ukasikia wimbo mmoja ukipigwa mara tatu kabla ya kulala, na ule uutakao wewe usipigwe hata mara moja mwezi mzima. Je, umepata kujiuliza ni nani azichaguaye nyimbo hizo, na kwa haki gani?

Katika chuo nilichojifunzia ualimu palikuwa na kipaza sauti kimoja tu bwaloni, na kila Jumamosi jioni tulipigiwa muziki. Mwenye ufunguo wa kabati la vyombo ndiye aliyekuwa mfalme wa jioni ile. Zamu ilipomwangukia mpenzi wa rumba ya Kongo, tulicheza rumba mpaka taa zikazimwa. Ilipomwangukia mpenzi wa rege, hatukusikia kingine. Sisi tuliotaka taarabu, na wenzetu waliotaka benga, tulinung'unika pembeni. Mwishowe nilipeleka malalamiko kwa mwalimu wa zamu. Alinisikiliza hata mwisho, kisha akaniuliza, “Na ufunguo ukipewa wewe, utapiga nyimbo za nani?” Sikuwa na jibu, nami swali lile sijalisahau.

Hapa Kenya ufunguo ulikaa mkononi mwa serikali kwa muda mrefu. Sauti ya Kenya iliundwa mwaka 1964, na mpaka miaka ya tisini mwananchi hakuwa na kituo kingine cha nyumbani cha kukigeukia. Mwaka 1980 iliamriwa kwamba robo tatu ya muziki upigwao redioni uwe wa Kenya. Amri ile ilizusha makelele mengi, ikaondolewa upesi. Capital FM, mojawapo ya vituo vya kwanza vya watu binafsi, ilianza Nairobi mwaka 1996. Lakini leo nitakupeleka Uingereza, kwa kuwa huko kulikuwa na watu waliochoka kuungojea ufunguo, wakapanda meli wakaenda kuutafuta baharini. Habari yao yaweza kutuonyesha kama waliupata.

Utangazaji wa redio ulipoanza Uingereza mwaka 1922, kazi ilikabidhiwa kampuni moja, nayo mwaka 1927 ikageuzwa kuwa shirika la umma, ndilo BBC tulijualo hata leo. Mtu mwingine hakuruhusiwa kutangaza. Kila mwenye redio alilipa ada ya leseni, na kwa fedha hizo BBC iliendesha kazi yake bila tangazo la biashara hata moja. Nataka uuone uzuri wa mpango huo kabla hatujauona ubaya wake. John Reith, mkuu wake wa kwanza, aliamini kwamba redio si ya kupitisha wakati tu, bali imewekwa iwaelimishe watu na kuwapasha habari pamoja na kuwaburudisha. Mchimba makaa ya mawe, ambaye hangeweza kamwe kununua kiti katika jumba la muziki la London, aliketi jikoni kwake akasikiliza okestra ile ile waliyoisikiliza matajiri. Hili si jambo dogo.

Lakini achaguaye kwa ajili ya wote huwaacha wengi nje. Muziki wa vijana, hasa ule uliotoka Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ulipewa nafasi finyu mno. Tena palikuwa na fundo jingine, ambalo nakuomba ulikumbuke, maana tutalirudia. Makampuni ya santuri na Chama cha Wanamuziki yalikuwa yamepatana na BBC kwamba santuri zisipigwe redioni ila kwa saa chache zilizohesabiwa. Wanamuziki walikuwa na hoja yao: santuri moja ikizungushwa asubuhi, wapiga vyombo ishirini hukosa kazi ya siku hiyo. Kwa hiyo BBC iliajiri bendi za kuzipiga upya nyimbo zilizovuma, na kijana aliyetaka kumsikia mwimbaji wake alimsikia mtu mwingine akimwiga.

Usiku vijana walielekeza redio zao Radio Luxembourg, kituo cha ng'ambo ambacho sauti yake ilikuja na kutoweka kama ya mtu asemaye katika upepo. Huko nako saa za jioni zilikuwa zimenunuliwa na makampuni makubwa ya santuri, na kila kampuni ilipiga mali yake yenyewe.

Ndipo alipotokea kijana wa Kiayalandi, Ronan O'Rahilly, aliyekuwa akifanya shughuli za muziki jijini London. Yasemekana kwamba alikuwa na santuri ya mpiga kinanda Georgie Fame, akaizungusha kila mahali asipate wa kuipiga. BBC haikuwa na nafasi, na Luxembourg wakamwonyesha kwamba jioni zote zina wenyewe. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye akaanza kutafuta meli.

Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Radio Mercur ilikuwa imeanza kutangaza kutoka baharini karibu na Denmark mwaka 1958, na Radio Veronica karibu na Uholanzi mwaka 1960. Siri yao ilikuwa hii: wakati ule mamlaka ya Uingereza, kama ya nchi nyingi, yalikoma maili tatu kutoka pwani. Meli ikitia nanga ng'ambo ya mpaka huo chini ya bendera ya nchi ya kigeni, askari wa pwani hakuwa na uwezo wa kuipanda. Mawimbi ya redio, kwa upande wake, hayajui mpaka.

O'Rahilly na wenzake walinunua Fredericia, meli ya Kidenmark iliyokuwa ikivusha abiria, wakaipeleka Greenore, bandari ndogo nchini Ayalandi iliyokuwa mali ya baba yake. Hapo ukasimikwa mlingoti mrefu wa kurushia matangazo, nayo mitambo ikafungwa. Meli ikapewa jina jipya, Caroline. Tarehe 28 Machi 1964, siku moja kabla ya Pasaka, ilianza matangazo yake ya kawaida ikiwa imetia nanga karibu na Felixstowe, pwani ya mashariki ya Uingereza. Kabla ya mwaka kwisha zilikuwapo meli nyingine, na baadaye wengine wakaingia katika ngome za chuma zilizoachwa baharini tangu vita. Serikali iliwaita maharamia. Vijana nao waliwaita maharamia, ila kwa sauti nyingine kabisa.

Usifikiri kwamba maisha ya humo yalikuwa tafrija. Katika meli ya Radio London mtangazaji alikaa baharini majuma mawili, akapewa juma moja la kukanyaga ardhi. Dhoruba ilipovuma, sindano iliruka juu ya santuri, na msomaji wa habari alisoma huku amejishikiza mezani. Usiku mmoja wa Januari 1966 meli Mi Amigo, ambayo ilikuwa mojawapo ya meli mbili za Caroline, ilikatika nanga ikasukumwa na bahari mpaka ufukoni mwa Frinton. Watu wake waliokolewa mmoja mmoja kwa kamba gizani. Na mwezi Juni mwaka huo huo, ugomvi juu ya ngome mojawapo uliishia kwa mwenye kituo kupigwa risasi akafa. Palipo na fedha nyingi na hapana sheria, mambo kama hayo hayako mbali.

Sasa tufike penye kiini cha habari hii. Je, katika meli hizo muziki ulikuwa huru?

Tuitazame Radio London, ambayo wengi waliihesabu kuwa bora kuliko zote. Ilianza Desemba 1964 katika meli Galaxy, iliyokuwa zamani meli ya kufagia mabomu ya jeshi la Marekani. Fedha zake zilitoka Texas, na mfano wake ulitoka huko huko. Kituo kilikuwa na orodha ya nyimbo arobaini, nazo zilirudiwa mchana kutwa, kwa kuwa wenye kutangaza sabuni na sigara walitaka wasikilizaji wengi iwezekanavyo, na wengi hupatikana kwa nyimbo walizokwisha kuzizoea. Asubuhi na mchana mtangazaji hakuwa na hiari kubwa. Kuna kisa cha mtangazaji mcheshi, Kenny Everett, ambaye mwaka 1965 alikifanyia mzaha kipindi cha mahubiri kilicholipiwa na watu wa Marekani. Alifukuzwa kazi, ingawa baadaye alirudishwa. Basi hebu pima mwenyewe: walikuwa wamevuka maili tatu za bahari kuikimbia amri ya BBC, wakaikuta amri nyingine inawangoja melini, imeshika mfuko wa fedha. Siwalaumu, maana makaa, mafuta na chakula cha mabaharia havinunuliwi kwa moyo wa uhuru. Lakini tusiwape sifa isiyokuwa yao.

Hata hivyo, humo humo katika Galaxy, upo mlango mmoja mdogo uliosahauliwa wazi.

Mapema mwaka 1967 alirudi Uingereza mtu aitwaye John Ravenscroft. Alikuwa mzaliwa wa karibu na Liverpool, mwana wa mfanyabiashara wa pamba, naye alikwenda Marekani mwaka 1960 na kuishia kuwa mtangazaji wa redio huko, mwisho California. Radio London ilimpokea, ikampa jina jepesi la kutamkwa, John Peel. Kwa kuwa alikuwa mgeni, alipewa pia zamu isiyotakwa na mtu: kuanzia saa sita za usiku hadi saa nane.

Saa hizo wakubwa wa kituo walikuwa wamelala majumbani mwao London. Wenye biashara hawakuzitaka, kwa sababu mnunuzi aliyelala hanunui kitu. Peel akatambua kwamba hapana hata bwana mmoja amsikilizaye. Polepole akaanza kuacha hiki na kile: akaacha matangazo ya biashara, akaacha taarifa za hali ya hewa, kisha akaiacha orodha ya nyimbo arobaini. Kipindi akakiita Bustani yenye Manukato, jina la kitabu cha kale cha Kiarabu. Katika bustani hiyo alizipanda santuri alizorudi nazo kutoka California, ambazo hazikupata kusikika Uingereza. Alipiga nyimbo za huzuni za watu weusi wa kusini mwa Marekani, akazifuatisha na nyimbo za kienyeji za Uskoti, kisha bendi za vijana zilizopiga wimbo mmoja kwa dakika kumi bila kujali kwamba redio imezoea dakika tatu. Katikati alisoma mashairi na barua za wasikilizaji, kwa sauti ya chini, kama mtu azungumzaye na rafiki kando ya kitanda.

Barua zikaja kwa magunia. Waliandika wanafunzi, wauguzi wa zamu za usiku, watu waliodhani kwamba wao peke yao nchini ndio wapendao muziki wa namna ile. Wakubwa wa kituo walipokuja kung'amua yanayotendeka, walikuta kipindi kimekwisha kupendwa, wakakiacha.

Bustani ile iliishi miezi michache tu. Serikali ilikuwa imekwisha kuchoka. Ilisema kwamba meli zile zaingilia mawimbi ya vituo vya nchi nyingine na ya vyombo vilivyo hatarini baharini, na kwamba hazilipi haki za watungaji. Mwezi Januari 1965 nchi za Ulaya zilitia sahihi mapatano ya kuwazuia, na mwaka 1967 Bunge la Uingereza likapitisha sheria yake. Sheria hiyo haikupeleka manowari. Iliamuru tu kwamba Mwingereza asifanye kazi melini, asipeleke humo chakula wala maji, wala asitoe humo tangazo la biashara. Huo ndio ulikuwa ukali wake: wale waliotegemea matangazo ya biashara walikatiwa matangazo. Radio London ilifunga saa tisa alasiri, tarehe 14 Agosti 1967. Usiku wa kuamkia siku hiyo Peel aliendelea kupiga santuri zake hata alfajiri. Caroline ilikataa kutii, ikajikongoja mpaka Machi 1968, ndipo meli zake mbili zilipokokotwa hadi Uholanzi kwa sababu ya deni.

Tarehe 30 Septemba 1967 BBC ilifungua idhaa mpya ya vijana, Radio 1, na wengi wa watangazaji wake walikuwa wale wale maharamia. Peel alikuwamo, kwa mkataba wa majuma sita. Hapana mtu aliyetazamia kwamba angedumu. Alidumu miaka 37.

Hapa naomba tulirudie lile fundo la santuri. Kwa kuwa BBC ilikuwa bado imefungwa na mapatano yake, haikuweza kujaza kipindi kizima kwa santuri. Ilibidi wanamuziki waitwe studio, wapige nyimbo zao, zinaswe na kutangazwa. Kanuni iliyokuwa imewaudhi vijana mwaka 1964 sasa ikawa baraka, maana Peel aliitumia kuwaita watu wasio na santuri hata moja, vijana wa mitaani ambao kampuni yoyote isingewatazama. Kwa miaka ile yote vikao vya namna hiyo vilizidi 4,000. Nyimbo nyingi za kikundi hiki na kile zisingalinaswa popote kama mapatano yale ya zamani yasingalikuwapo. Historia hupenda kutuchezea hivyo.

Je, wasikilizaji walifurahi? Si mara zote, na hilo ndilo nitakalo uliangalie kwa makini. Alipopiga rege ya Jamaika, baadhi yao walimwandikia matusi. Mwaka 1976 alipoanza kupiga punk, muziki wa makelele na hasira wa vijana wasio na kazi, wasikilizaji wake wa zamani walikasirika, wakamwomba arudi katika zile nyimbo ndefu za bustani. Hakurudi. Wale waliokuwa wamenyimwa nafasi jana, leo walitaka mlango ufungwe nyuma yao. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yule mwalimu wetu wa zamu, nami nikaona haya kidogo.

Katika miaka ya themanini alizipiga kwa bidii bendi za Zimbabwe, kama vile Bhundu Boys na Four Brothers. Hao wa pili walipiga katika karamu ya kutimiza kwake miaka hamsini, mwaka 1989. Alikuwa pia na kipindi katika idhaa ya BBC ya ulimwengu, hata mtu wa Kisumu au Tanga mwenye redio ya masafa mafupi aliweza kumsikia. Wala hakuwa fundi mkamilifu: mara kwa mara aliiweka santuri katika mwendo usio wake, na mwimbaji akaimba kama nyuki au kama fahali. Aliomba radhi, akaianza upya. Alifariki ghafula tarehe 25 Oktoba 2004, akiwa safarini Cusco, nchini Peru, akaacha nyumbani kwake makumi ya maelfu ya santuri.

Na vile vituo vya binafsi ambavyo maharamia walivipigania? Vilianza nchi kavu mwaka 1973, cha kwanza kikiwa cha London. Vikaongezeka mwaka baada ya mwaka, na vingi vyao, kama ilivyokuwa Galaxy mchana, vilipiga orodha fupi ya nyimbo zilizokwisha kupendwa. Geuza kitufe cha redio yako usiku wa leo, utoke kituo hiki uende kile, uhesabu ni nyimbo ngapi hasa zinazotofautiana.

Caroline nayo haikufa moja kwa moja. Ilirudi baharini katika miaka ya sabini. Mi Amigo ikazama katika dhoruba mwezi Machi 1980. Ikapatikana meli nyingine. Mwaka 2017 mamlaka ya utangazaji ya Uingereza iliipa leseni halali ya kutangaza kutoka nchi kavu. Mlingoti iliopewa uko Orford Ness, pwani ile ile ya mashariki, si mbali na mahali ilipotia nanga mwaka 1964. Na masafa iliyopewa, kilohezi 648, hapo kwanza yalikuwa ya BBC, iliyoyatumia kutangazia nchi za ng'ambo mpaka mwaka 2011.